Njia Hii Yatokea?

Mgeni akipotea katika mitaa ya Malindi haulizi jina la barabara, maana barabara nyingi hazina jina. Humwendea mzee aliyeketi barazani, akampa shikamoo yake, kisha akauliza: "Njia hii yatokea?" Mzee akisema yatokea, mgeni hushukuru na kuendelea. Akisema haitokei, tuktuk hugeuzwa papo hapo.

Nimelisikia swali hilo tangu utotoni bila kulitia maanani. Nilianza kulifikiria nilipohamia mtaa mpya magharibi ya mji, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, na binti yangu akaanza madrasa. Madrasa iko nyuma ya nyumba yetu. Nikisimama uani alasiri nawasikia watoto wakisoma Juzuu Amma. Kati yangu na wao pana ukuta wangu, ploti moja tupu, na ukuta wa madrasa. Ukivuta kamba ni mita 65. Lakini njia ya mtaa wetu haitokei upande ule. Mtoto hutoka getini, akaifuata njia yetu mpaka barabara kuu ya Mombasa, akatembea kandokando ya malori na mabasi, akaingia njia ya mtaa wa pili na kuifuata mpaka mwisho, ndipo afike. Nimeipima: kilomita moja na mita 300.

Gawanya 1,300 kwa 65, upate 20. Mwanangu hutembea mara ishirini ya umbali uliopo. Hiki ni kipimo kinachotumiwa na watu wa mipango ya miji duniani kote: urefu wa safari ya njiani, kugawanywa kwa umbali wa moja kwa moja, kama kwamba kuta hazipo. Katika mtaa ambao njia zake zinakatana kama nyuzi za wavu, hesabu ya jiometri inaonyesha kwamba hakuna safari inayozidi mara 1.41, na wastani ni kama 1.27. Yaani hata njia zikupindishe vipi, hutapoteza hata nusu ya safari. Sisi tunapoteza kumi na tisa juu ya moja.

Nataka kueleza mtaa kama wangu unazaliwa vipi, kwa sababu watu wengi wanadhani kisa ni barabara mbovu. Barabara yetu si mbovu sana. Ina upana wa mita 9, imemwagwa changarawe, na gari mbili hupishana bila taabu. Ugonjwa wake ni kwamba inaishia ukutani.

Macho ya wavu

Wavuvi wa Malindi wanaujua wavu kwa macho yake. Wavu wa macho madogo hauachi kitu, wa macho makubwa hupitisha samaki. Mtandao wa njia za mji nao huhukumiwa hivyo hivyo, na fundo za wavu ndizo njia panda.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, limependekeza viwango vya mitaa inayopangwa upya. Kwa kila kilomita moja ya mraba ziwe njia zenye urefu usiopungua kilomita 18, njia panda kati ya 80 na 100, na kama asilimia 30 ya ardhi iachiwe barabara na njia. Tarakimu hizo zinaweza kuonekana zimetoka mbinguni, lakini ukikaa na karatasi utaona zinatokana na hatua za mtu. Chora kilomita moja ya mraba, kisha upitishe njia kila baada ya mita 100 kwenda juu na kwenda kando. Utapata njia panda kama 100 na njia zenye urefu wa kilomita 20. Sasa futa njia moja katika kila mbili, ibaki moja kila mita 200. Urefu unashuka hadi kilomita 10, nusu tu. Lakini njia panda hazibaki 50, zinabaki 25. Njia inapopotea hatupotezi njia peke yake. Tunapoteza na maamuzi yote ambayo mtu angeweza kuyafanya pale inapokatana na nyingine: kupita dukani kwanza, kukwepa dimbwi, kumkwepa mbwa wa yule jirani.

Mwisho usiotokea hauhesabiwi kuwa njia panda. Ndiyo maana mtaa unaweza kuwa na barabara ndefu na pana na bado ukawa wavu uliopasuka.

Upana na muunganiko ni mambo mawili mbali, na mtu wa Mwambao anapaswa kulijua hilo kuliko mwingine yeyote, kwa sababu tuna Lamu. Kule punda wawili waliobeba mawe hupishana kwa shida. Kuna mahali nyumba za pande mbili zimeunganishwa juu kwa wikio na mpitaji hupita chini yake kama anayeingia pangoni. Lakini Usita wa Mui, njia yake kuu, unaukata mji kwa urefu, sambamba na bahari, na vichochoro vinashuka kutoka kwake mpaka ufukoni kimoja baada ya kingine. Mgeni atazunguka, ataona haya, lakini atatokea. Hata kwetu Malindi, sehemu ya zamani ya Shella, karibu na Msikiti wa Ijumaa na yale makaburi ya minara, vichochoro ni vyembamba na vinapenya. Mtu anaweza kutoka huko hadi sokoni kwa njia tatu tofauti na asikanyage barabara kubwa. Mji ule ulijengwa na watu waliotembea kwa miguu, na mguu haukubali kuzungushwa.

Mitaa yetu mipya ina njia pana mara tano au sita kuliko vichochoro vile, nayo haipenyi.

Shamba moja, kisha jingine

Sensa ya 2019 iliuhesabu mji wa Malindi kuwa na watu wapatao 120,000. Kisheria ni manispaa, haujafika kuwa jiji, lakini unakua mbele ya macho yetu. Umetapakaa ukifuata barabara tatu: ya Mombasa kuelekea Msabaha, ya Lamu kuelekea daraja la Sabaki, na ile ya kupitia Ganda kuelekea Lango la Sala, la kuingilia mbuga ya Tsavo Mashariki. Ukiwa juu, kwenye zile ndege ndogo zinazotua uwanja wetu wa kando ya barabara ya Mombasa, unauona mji kama kiganja chenye vidole vitatu virefu. Katikati ya vidole bado mna minazi, mikorosho na mihindi. Huo ndio mtapakao: ardhi inaliwa upesi kuliko watu wanavyoongezeka, nyumba zinakaa mbalimbali, na kila haja inataka chombo.

Kutapakaa na kutounganika ni vitu viwili, ila vinalishana. Njia zisipopenya, watu hujenga karibu na barabara kuu tu, na barabara kuu huuvuta mji kwa urefu. Mji ukishavutwa kwa urefu, hakuna anayeona haja ya kuunganisha kidole na kidole, kwa kuwa safari zote zimeshazoea kupitia kiganjani.

Kwa nini tumefika hapa? Huwezi kulijibu bila kuitaja ardhi, na ukiitaja ardhi ya Pwani huna budi kurudi nyuma. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa Mwambao wa maili kumi wayalete na kuyathibitisha. Waliothibitisha walipata hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao katika ardhi hiyo hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Matokeo yake tunaishi nayo: mashamba makubwa ya watu wachache, na maelfu ya watu wenye nyumba juu ya ardhi isiyo yao. Mji uliozungukwa na mashamba ya namna hii haukui mtaa kwa mtaa. Hungoja. Siku mwenye shamba atakapokubali kuuza, au warithi watakapogawana, shamba zima linageuka ploti kwa mpigo mmoja, na jirani yake likabaki shamba kwa miaka ishirini mingine.

Chukua shamba la ekari 5. Hizo ni kama mita za mraba 20,235. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 464. Bila njia hata moja zingetoka ploti 43, lakini nani atanunua ploti isiyofikika? Mwenye shamba akiachia njia asilimia 15, anapata 37. Akiachia asilimia 30 ile inayopendekezwa, anapata 30. Tofauti ni ploti saba. Kwa familia iliyongoja urithi miaka mingi, ploti saba ni karo ya watoto na nyumba ya mama. Sitamlaumu mtu kwa kuzitaka.

Kwa hivyo mpima ardhi anaambiwa achore njia moja katikati, ploti pande zote mbili, na mwishoni ploti mbili zinazoziba. Zile za mwishoni ndizo zinazoniuma. Njia ingeweza kufika hadi mpaka wa shamba la jirani na kungoja hapo. Badala yake, mita tisa za mwisho zinauzwa pamoja na ploti, na anayenunua hujenga ukuta kwa haki yake yote.

Mipango hii haifanywi gizani. Sheria ya 2019 ya upangaji na matumizi ya ardhi inataka kibali cha kaunti kabla shamba halijakatwa. Mchoro unapelekwa, unakaguliwa: njia ina upana unaotakiwa, kila ploti inagusa njia, bikoni za mipaka ziko mahali pake. Unapitishwa. Mwaka unaofuata shamba la pili linaleta mchoro wake, nao ni sahihi, nao unapitishwa. Kila mchoro ukiutazama peke yake hauna kosa. Ni kama mafundi kumi waliopewa kila mmoja kipande cha kanzu, kila mmoja akapinda kipande chake vizuri, na hakuna aliyeambiwa kwamba vitashonwa pamoja.

Hapa ndipo tunapotofautiana na Marekani, ambako jambo hili limeandikwa sana. Huko njia zisizotokea zilichorwa kwa makusudi. Mji wa Radburn, New Jersey, ulioanzishwa 1929, ulikuwa na njia fupi za magari zinazoishia kwenye nyumba, ili watoto wacheze bila kugongwa. Wenye mji huo walikumbuka kuweka njia za miguu zinazopita nyuma ya nyumba na kuunganisha kila kitu. Waliowaiga baadaye walichukua njia fupi wakaacha za miguu. Watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walipopima barabara za Marekani za karne nzima walikuta kwamba mitaa iliyojengwa iliendelea kukosa kuungana hadi katikati ya miaka ya 1990, kisha mwelekeo ukaanza kugeuka. Baadaye walipima dunia yote kwa kutumia OpenStreetMap, ramani ya wazi inayochorwa na watu wa kujitolea, wakakuta sehemu nyingi za dunia bado zinaelekea kule ambako Marekani ilianza kutoka. Wao walikosea kwa kuchagua. Sisi hakuna aliyechagua, na kwa hivyo hakuna wa kumwendea kumwambia abadili nia.

Wanalolisisitiza watafiti hao ni kwamba barabara haizeeki kama nyumba. Nyumba ya Malindi ikichakazwa na hewa ya chumvi hubomolewa ikajengwa nyingine. Njia hubaki pale pale, na vizazi vikaifuata.

Njia za mguu zilizofukiwa

Kabla shamba halijakatwa lilikuwa na njia. Hili husahauliwa. Nilipokuwa mdogo tulikatiza mashamba kutoka kisimani hadi barabarani, kutoka kilimani hadi sokoni, chini ya mikorosho, na hakuna aliyetuuliza twaenda wapi. Ukipita karibu na nyumba ya mtu unabisha hodi ukiwa mwendoni, unajibiwa karibu, unasema napita tu mama, unaambiwa pita mwanangu. Ile "pita mwanangu" ilikuwa ndiyo hati ya njia.

Mpima ardhi anapofika na chombo chake hazioni njia zile, kwa sababu hazimo kwenye ramani yake. Ukuta ukipanda, zimekwisha. Na hapa kuna jambo ambalo majirani zangu wengi hawakulijua: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inatambua haki za njia zilizokuwapo wakati ardhi ilipoandikishwa mara ya kwanza chini ya sheria hiyo, hata kama hazikuandikwa kwenye daftari. Haki hiyo haijitetei yenyewe. Inataka wazee waliopita pale wajitokeze na kusema tulipita, mapema, kabla ya msingi wa ukuta kumwagwa.

Upande wa bahari ndio unaochoma zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ufuko ni wetu sote. Lakini ukitoka mjini kufuata pwani kuelekea Casuarina na Silversand, kuta za majumba na mahoteli zimepangana bega kwa bega, na mahali pa kushukia ni pachache kuliko wanavyohitaji wavuvi na watoto wa mji. Mtu ana haki ya kuwa ufukoni na hana pa kupita kuifikia haki yake.

Gharama isiyoandikwa

Nani hulipa? Kwanza mwenye mkokoteni wa maji. Mifereji ikikauka mtaani kwetu, mitungi huletwa kwa mkokoteni, na bei hupanda kwa kadiri anavyosukuma. Kisha lori la kunyonya vyoo, ambalo likiingia njia isiyotokea lazima lirudi kinyumenyume, na dereva huitoza mizinguko hiyo. Kisha mama anayeuza viazi karai pembeni ya njia: kwenye njia inayotokea wateja wake ni wapita njia wa mitaa mitatu, kwenye njia isiyotokea ni jirani zake kumi na wanane, ambao nao wana viazi nyumbani. Gari la zimamoto sitaki hata kulifikiria.

Barabara kuu nayo hulipa. Kwa kuwa njia za mitaa hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe, kila safari fupi, ya chumvi, ya madrasa, ya kumjulia hali shangazi, hulazimika kupitia barabara ya Mombasa. Lori linalokwenda mbali na mtoto aliyetumwa kiberiti wanatumia ukingo mmoja wa lami. Watu hulalamika kwamba barabara ni nyembamba na wanataka ipanuliwe. Itapanuliwa, nayo itajaa, maana inabeba mzigo wa njia ndogo ambazo hazipo.

Watafiti Wesley Marshall na Norman Garrick walilinganisha miji 24 ya California, wakakuta kwamba miji yenye njia panda nyingi zaidi kwa eneo ilikuwa na vifo vichache vya barabarani. Mtu angetarajia kinyume, kwani njia panda ndipo magari yanapogongana. Lakini njia panda za karibukaribu hupunguza mwendo, na ajali ya mwendo mdogo huacha mtu hai. Na watafiti wengine, Reid Ewing na Robert Cervero, walipokusanya pamoja tafiti nyingi mwaka 2010, walikuta kwamba miongoni mwa mambo yanayoambatana sana na watu kutembea kwa miguu ni wingi wa njia panda. Mtaa wetu unathibitisha kwa upande wa pili: vijana wetu hupanda bodaboda kwenda mahali panapoonekana kwa macho.

Tena kuna siku ya balaa. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño ziliikata barabara ya Mombasa hapo Mbogolo, na kwa siku kadhaa tukajua maana ya kutegemea uzi mmoja. Ule ulikuwa uzi mkubwa wa nchi. Mtaani, kila mvua kubwa hutupa somo hilohilo kwa udogo wake: dimbwi moja mdomoni mwa njia yetu, na kaya zote za ndani zimefungiwa.

Hoja ya wezi

Nimelizungumza hili msikitini na dukani, na jibu ninalopewa mara nyingi ni moja: njia isiyotokea ni salama. Mwizi haingii pasipo na pa kutokea, bodaboda hazikatizi kwa kasi, watoto wanacheza njiani. Wenye kusema hivyo si wajinga, na katika hoja yao mna ukweli. Mimi mwenyewe hupenda utulivu wa jioni wa mtaa wetu.

Lakini tuyatenganishe mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Kinacholeta kasi na kelele ni gari na pikipiki kukatiza. Mtu anayetembea haleti hayo. Mtaa unaweza kufungwa kwa magari na ukawa wazi kwa miguu: nguzo mbili za saruji katikati ya kipenyo, yaani njia ya kupenya kwa miguu, na bodaboda imekwama. Lamu imeishi hivyo karne na karne. Kuhusu mwizi, kichochoro kirefu chenye kona, kilichobanwa na kuta ndefu bila taa, ni kibaya, na wanawake wa mtaa wanajua hilo kuliko wanaume. Kipenyo kizuri ni kifupi, kimenyooka, kina taa, na mtu akisimama mwanzo wake anauona mwisho. Mita tatu za upana zinatosha. Hapo watu watapita mchana kutwa, na macho yao ni ulinzi ambao njia yetu iliyokufa haina. Wezi waliovunja nyumba ya mwisho mtaani kwetu waliruka ukuta. Hawakuhitaji njia.

Kabla bikoni hazijapandwa

Wakati wa kampeni tunaomba lami. Kila mgombea huiahidi, na sisi huipigia vigelegele. Lami naitaka pia; vumbi la kaskazi linamjua kila mtu. Lakini lami inaweza kuja mwaka wowote, hata baada ya miaka thelathini. Nafasi ya njia haiji. Uamuzi wake hufanywa wiki ile shamba linapokatwa, mezani, na watu wanne au watano, na tunaoishi humo baadaye hatupo.

Ndiyo maana naona kazi kubwa zaidi ni ya kuchora mapema. Ethiopia wamejaribu: kuanzia 2013, miji ya Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle, kwa msaada wa watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, ilichora barabara kuu za baadaye nje ya mji, yapata kilomita moja kutoka moja hadi nyingine, na kuzilinda nafasi zake kabla nyumba hazijafika. Hawakungoja fedha za lami. Walipata nafasi kwanza, kwa bei ya shamba. Kati ya Ganda na barabara ya Mombasa bado mna ardhi ya kufanya hivyo, na kila mwaka inapungua.

Kwa ndani ya mashamba, kaunti inaweza kuweka sharti moja jepesi: njia ya kila mchoro mpya ifike hadi mpaka, na mchoro wa jirani ukija uianzie pale. Haimgharimu mwenye shamba ploti saba. Humgharimu sehemu ya ploti moja.

Na kwa lile tatizo la ploti saba, kuna nchi zilizolitatua kwa kuchanganya. Japani na jimbo la Gujarat nchini India hukusanya ardhi za majirani pamoja kwenye karatasi, njia zikachorwa kama kwamba mipaka haipo, kisha kila mmoja akarudishiwa ardhi yake ikiwa ndogo kidogo lakini inagusa njia inayotokea. Hasara hugawanywa kwa wote, na thamani ya kilichobaki hupanda. Pwani yetu ina jeraha la ardhi, na neno "kuchanganya" litawatia watu hofu, kwa haki. Jambo hilo halitawezekana pasipo wazee, hati zilizo wazi na muda mrefu wa kuzungumza.

Kwa mitaa iliyokwisha jengwa kama wetu, kilichobaki ni sindano na uzi: kutafuta ploti moja tupu hapa, pembe ya ukuta pale, na kununua mita tatu. Tanzania, katika kazi ya kurasimisha makazi, watu wa mitaa wamekaa na kukubaliana nani aachie hatua ngapi ili njia ipite. Ni kazi ya kusihiana, na chai nyingi hunywewa.

Ploti tupu iliyo kati ya nyumba yangu na madrasa ni ya mama mmoja anayeishi Mombasa. Kaya kumi na nne za mtaa wetu na mwalimu wa madrasa tulimwendea. Hatukumwomba ploti, tulimwomba mita tatu za ukingo wake, na tukamwambia tutalipa. Alitusikiliza vizuri, akatukaribisha chakula, akasema: "Wanangu, nitazungumza na ndugu zangu baada ya Idi." Tumechanga zaidi ya nusu ya tunachohitaji. Ramani ya mtaa iko kwangu sebuleni, na mpima ardhi ameshatuonyesha mahali bikoni mbili mpya zitakaposimama. Kwa sasa pale panaota mbigili, na binti yangu ameshajua ni hatua ngapi.